Wosia peke yake hautoshi: fomu iliyosahaulika nayo inagawa mali

Ndugu Mhariri,

Kila magazeti yanapoandika habari za ndugu waliofikishana mahakamani kwa sababu ya mali ya marehemu, habari huishia na ushauri uleule: watu waandike wosia. Hatuupingi. Ila sisi ambao kazi yetu ni kuandaa hati hizi tunaona ushauri huo unaishia njiani. Wosia huanza kufanya kazi mwenyewe akishafariki, si siku moja kabla. Na hata hapo haugusi kila alichokuwa nacho. Unagusa kile tu kilichokuwa chake peke yake na ambacho hakijaonyeshwa njia na hati nyingine.

Tuanze na hizo hati nyingine, maana ndizo zisizosomwa.

Mtu anapoanza kazi hupewa rundo la karatasi ajaze asubuhi moja. Katikati ya rundo hilo kuna fomu inayouliza: ukifariki, mafao yako alipwe nani? Kampuni ya bima ya maisha nayo huuliza vivyo hivyo. Anaandika jina, anarudisha fomu, anaisahau. Miaka 20 baadaye anaketi na wakili na kuandika wosia safi: fedha zangu zote za pensheni na bima nawaachia watoto wangu. Mara nyingi mlipaji hatausoma wosia huo. Mkataba unamwelekeza amlipe aliyetajwa kwenye fomu, naye akishamlipa huyo amemaliza wajibu wake. Kwenye fomu kuna nani? Mchumba wa zamani, au mama mzazi aliyekwisha kufariki, au mtaliki.

Kesi ya Egelhoff, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2001, inaonyesha ukali wa jambo hili. Mume na mke walitalikiana mwaka 1994. Mume akafariki kwa ajali ya gari miezi michache baadaye, na jina la mtaliki wake lilikuwa bado kwenye karatasi za bima na pensheni ya kazini. Sheria ya jimbo lake ilisema talaka inalifuta jina hilo yenyewe. Watoto wake wa ndoa ya awali wakadai. Mahakama ikaamua kwamba mipango hiyo ya kazini inatawaliwa na sheria ya shirikisho, na sheria hiyo inafuata kilichoandikwa kwenye karatasi za mpango. Watoto wakakosa.

Makosa ya fomu hizi ni yaleyale kila mara. Jina ni moja tu na hakuna wa akiba, kwa hiyo aliyetajwa akitangulia, fedha zinarudi kwenye mirathi na kusubiri mahakama. Asilimia hazifiki 100, au zinazidi. Pameandikwa "mke wangu" bila jina, na mwenye fomu ameoa mara mbili. Ametajwa mtoto wa miaka sita, ambaye hawezi kupokea fedha wala kutia saini, hivyo malipo yanasimama mpaka mahakama iteue wa kumshikia. Na kuna kosa la kuchanganya: nafasi ya "mtu wa karibu" au "wa kupigiwa simu wakati wa dharura" si nafasi ya mnufaika, yaani wa kulipwa mafao. Kumwandika mtu hapo hakumpi hata senti.

Dawa yake ni nyepesi. Usijiulize uliandika nini. Waandikie wanaotunza fomu, uombe nakala ya wanayoishika wao. Wakikuletea, linganisha na wosia wako neno kwa neno. Ukibadilisha, dai nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa sababu fomu iliyobaki kwenye droo ya karani haijabadilisha kitu. Uliza pia kama fomu hiyo inawafunga walipaji au ni maelezo ya matakwa tu, maana ipo mifuko ambayo wadhamini wake wana hiari ya kuamua wenyewe. Jibu lake ni tofauti kwa kila mfuko, na huwezi kulikisia.

Ndugu wa fomu hiyo ni akaunti na nyumba za majina mawili. Umiliki wa pamoja uko wa aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Katika aina ya kwanza, mmoja akifariki, kila kitu kinahamia kwa aliyebaki, na wosia wa marehemu hauna la kusema. Katika ya pili kila mmoja ana hisa yake, nusu au robo au vyovyote walivyokubaliana, na hisa hiyo inaingia kwenye mirathi yake. Wenzi wengi wanamiliki nyumba pamoja bila kujua wako aina gani. Soma hati ya umiliki. Maneno mawili matatu mle ndani ndiyo yanayoamua kama watoto wa ndoa ya kwanza watapata kitu au watatoka mikono mitupu.

Hatari zaidi ni mzazi mzee anayemwongeza mtoto mmoja kwenye akaunti ili amsaidie kulipia dawa na umeme. Nia ilikuwa msaada. Karatasi ya benki inasema ni mmiliki. Mzazi akifariki, mtoto huyo anaweza kusema zote ni zake, wenzake wanaweza kusema aliwekwa kama mtumishi tu, na wote wanaamini wanasema kweli. Kama unachotaka ni msaada, mpe mtu ruhusa ya kutia saini kwenye akaunti bila kumfanya mmiliki, au tumia hati ya uwakilishi, yaani hati inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutia saini na kutenda kwa niaba yako.

Hati hiyo ya uwakilishi tungeiweka mbele ya wosia kama tungelazimishwa kupanga, tukijua wapo wanasheria watakaotubishia. Sababu ni kwamba watu wengi hawafi ghafla. Wanapigwa na kiharusi, wanapoteza kumbukumbu, wanalazwa miezi. Katika kipindi hicho wosia ni karatasi iliyolala. Mwenye mali yu hai, kwa hiyo mali ni yake, lakini hawezi kutia saini. Mke hawezi kutoa fedha kwenye akaunti ya mume wala kuuza gari lililoandikwa jina lake, hata kama bili ya hospitali iko mezani. Inabidi kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mgonjwa, jambo la gharama na la kusubiri.

Hapo kuna mtego mmoja. Katika nchi nyingi hati ya kawaida ya uwakilishi hufa pale mtoaji anapopoteza uwezo wa akili, yaani saa ileile inapohitajika. Ili iendelee, lazima iwe ya aina ya kudumu: iandikwe kwa kufuata sheria ya mahali, iseme wazi kwamba itaendelea hata mtoaji akipoteza uwezo, na penye sharti la kuisajili isajiliwe. Na lazima atie saini akiwa bado na akili timamu. Familia inayokuja na fomu baada ya mzee kuanza kusahau majina ya watoto wake imechelewa. Saini yake inaweza kutenguliwa na yeyote atakayeileta mahakamani pamoja na cheti cha daktari.

Ukiwateua wawakilishi wawili, sema kama kila saini lazima iwe ya wote wawili au mmoja anatosha. Wote wawili ni ulinzi mzuri dhidi ya ulaji, lakini mmoja akisafiri mambo yanakwama. Wengi huchagua njia ya kati: mmoja anatosha kwa matumizi ya kila siku, wote wawili kwa kuuza nyumba au ardhi. Sema pia kama mwakilishi anaruhusiwa kutoa zawadi, na kwa kiasi gani. Usipolisema hilo, umeacha mlango wazi kwa mwakilishi kujizawadia. Mtake aweke hesabu, na umtaje mtu mwingine mwenye haki ya kuiona. Kisha peleka nakala iliyothibitishwa benki ungali mzima, maana benki nyingine huwa na masharti yao, na ni heri kuyajua wakati bado unaweza kutia saini upya.

Jambo la mwisho juu ya hati hii: inakoma mtoaji anapofariki. Anayekwenda kutoa fedha kwa hati ya uwakilishi siku ya msiba, hata akisema ni za mazishi, anatumia mamlaka ambayo hayapo tena. Kwa hiyo panga mapema fedha za siku hizo za kwanza zitatoka wapi, kwa bima yenye mnufaika hai au akaunti ya pamoja ya aina ya kwanza, kwa sababu akaunti za marehemu peke yake kwa kawaida hufungwa mpaka kibali cha usimamizi wa mirathi kipatikane.

Hati ya matibabu ni fupi kuliko zote na mara nyingi ndiyo inayoachwa. Inamtaja mtu wa kuzungumza na madaktari na kuamua mgonjwa asipoweza kusema, na inaeleza matibabu ambayo mgonjwa hayataki. Mtaje mtu mmoja na wa akiba. Ukiwataja watoto wote wanne, umewaachia mjadala mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Sasa wosia wenyewe. Kinachouangusha mara nyingi si maneno bali namna ulivyosainiwa. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo bado inatumika huko na ambayo nchi nyingi zilirithi mfano wake, inataka mashahidi wawili, wote wakiwepo kwa wakati mmoja mwenye wosia anapotia saini au anapokiri kwamba saini ni yake. Basi iwe hivi. Watu watatu chumbani, mlango umefungwa, simu pembeni. Mwenye wosia anasaini ukurasa wa mwisho na kuweka herufi za jina lake chini ya kila ukurasa, wao wakitazama. Kisha shahidi wa kwanza, kisha wa pili, yeye akitazama. Kila shahidi anaandika jina kamili, anwani na kazi yake ili apatikane miaka 30 baadaye. Tarehe inaandikwa pale pale. Hakuna anayetoka hadi wa mwisho amemaliza. Shahidi aliyepelekewa karatasi ofisini kesho yake hakushuhudia kitu.

Shahidi asiwe mtu anayepata chochote katika wosia, wala mume au mke wa anayepata. Chini ya sheria hiyo wosia utasimama, lakini zawadi ya huyo shahidi inaanguka. Ndiyo maana mkwe mwema aliyeitwa haraka asaini anaweza kumfutia mkewe urithi kwa kalamu moja. Shahidi hana haja ya kusoma wosia. Anashuhudia saini, si yaliyomo.

Hata pini ina kesi yake. Ukishasaini, usiitoe pini ya karatasi, si kwa kutoa nakala wala kwa kubandika risiti. Matundu mawili ya ziada kwenye kona yanazua swali: je, kulikuwa na ukurasa mwingine uliobanwa hapa ukaondolewa? Ofisi ya mirathi inaweza kudai kiapo cha kueleza matundu hayo. Ndivyo ilivyo kwa alama ya kutu ya kishikizo, na kwa maneno yaliyokatwa kwa kalamu baada ya kusaini. Mabadiliko yanahitaji saini na mashahidi kama wosia wenyewe. Sisi tunapendelea kuandika wosia mpya kuliko kuambatisha nyongeza, isipokuwa kwa jambo dogo sana.

Katika maneno, kinachoumiza ni kutaja kiasi badala ya sehemu. Tuseme mali yote ni 1,000. Mwenye wosia anampa dada 200, kaka 200, mjukuu 100, na "kitakachobaki chote apewe mke wangu". Siku anayoandika, mke ana 500, na mume analala akijua amemtunza. Ugonjwa na madeni vinakula 400. Zimebaki 600. Dada, kaka na mjukuu wanalipwa kwanza 500 zao zote, mke anapata 100. Mali ikishuka hadi 400, mke hapati kitu, na hao watatu wanapunguziwa kwa uwiano: 160, 160 na 80. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea hesabu. Maneno ndiyo yalivyoelekeza. Angeandika sehemu, mathalani nusu kwa mke na nusu igawanywe kwa hao watatu, kila mmoja angepungukiwa pamoja na wenzake.

Zawadi ya kitu mahususi nayo ina udhaifu wake. Ukimwachia binti yako nyumba fulani, kisha ukaiuza na kujenga nyingine, katika nchi nyingi zawadi hiyo imekufa. Hapewi nyumba mpya wala bei ya ile ya zamani. Andika ni nini kitachukua nafasi yake. Na neno "watoto wangu" lifafanue: je, waliozaliwa nje ya ndoa, wa kuasili, wa kambo, na watakaozaliwa baada ya wosia? Mtoto akitangulia kufa, sehemu yake iende kwa watoto wake au kwa ndugu zake? Weka pia sharti la mrithi kuishi siku kadhaa baada yako, siku 30 ni kawaida, ili ajali moja ikiwachukua mume na mke, mali isipitie mirathi mbili kwa wiki moja. Huko Marekani sheria ya mfano inayofuatwa na majimbo mengi inatumia saa 120.

Mwenye watoto wadogo ateue watu wawili tofauti kwa kazi mbili: mlezi wa kuishi nao, na mdhamini wa kushika fedha zao. Anayefaa kulea huenda hajui hesabu, na anayejua hesabu huenda hana subira ya mtoto anayelia usiku. Kuwatenganisha kuna faida nyingine: mlezi anapoomba fedha, kuna mtu wa kuuliza za nini. Taja umri wa kukabidhiwa. Ukinyamaza, wengi hukabidhiwa wanapotimiza utu uzima kisheria, na miaka 18 ni midogo kwa kupewa nyumba mkononi. Waweza kusema theluthi akiwa na miaka 21 na zilizobaki akiwa na 25, huku mdhamini akiruhusiwa kulipa ada na matibabu muda wote.

Kabla ya kunakili wosia wa mtu mwingine kutoka intaneti, jua mipaka inayokuhusu. Mwislamu anayefuata sheria ya mirathi ya dini yake anausia hadi theluthi moja ya kinachobaki baada ya madeni na mazishi, na hamuusii mwenye fungu tayari isipokuwa warithi wengine waridhie. Ufaransa watoto wana sehemu ambayo mzazi hawezi kuwanyima kwa wosia: nusu ya mali akiwa mtoto mmoja, theluthi mbili wakiwa wawili, robo tatu wakiwa watatu au zaidi. Katika nchi kadhaa zenye asili ya sheria ya Uingereza, kufunga ndoa kunaufuta wosia wa zamani wote, isipokuwa ule uliosema umeandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo. Mwenye mali katika nchi mbili amwone mwanasheria wa kila nchi, na aangalie sana: wosia wa pili ukianza kwa "nafuta wosia zote za nyuma", umeua ule wa nchi ya kwanza.

Mali bila daftari huisha bila habari, nasi hatuna msemo wa kuongeza hapo. Ambatanisha na hati hizi, nje ya wosia, orodha ya ukurasa mmoja: benki na tawi, namba ya bima, hati za nyumba na zilipo, hisa, mikopo unayodaiwa na unayodai, na nani anazo karatasi zake. Nywila zisiingie kwenye wosia kamwe, kwa sababu katika nchi nyingi wosia ukishapitia mahakamani unaweza kusomwa na yeyote. Orodha isahihishwe kila mwaka kwa tarehe. Hati nyingine zisomwe upya pakitokea ndoa, talaka, kuzaliwa, kifo, ununuzi mkubwa au kuhama nchi.

Mahali pa kutunzia napo ni sehemu ya ulinzi. Mwimbaji Aretha Franklin alipofariki mwaka 2018 ilidhaniwa hakuacha wosia. Baadaye yakapatikana maandishi ya mkono wake, mengine chini ya mito ya kochi, na ni mwaka 2023 tu baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba yale ya mwaka 2014 ndiyo wosia wake. Kosa la upande wa pili ni kuufungia wosia kwenye sanduku la benki lenye jina lako peke yako: benki inadai kibali cha mirathi ndipo ifungue, na kibali kinadai wosia ulio ndani ya sanduku.

Uweke kwa wakili, au kwenye masjala ya mahakama penye huduma hiyo, au nyumbani ndani ya kasha lisiloshika moto, na msimamizi wa mirathi uliyemteua awe anajua ulipo. Nakala pekee haitoshi. Wosia halisi ukijulikana ulikuwa mikononi mwa marehemu na usionekane popote, mahakama nyingi huanza kwa kudhani kwamba aliuchana mwenyewe kwa nia ya kuufuta, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unakuwa wa mjane na watoto.

Ni sisi,
Waandaaji wa hati za mirathi